Ng'ombe Kumi na Wawili wa Mzee Kabyemera

Ipo asubuhi moja ambayo kila nikiikumbuka, mwanangu, hucheka kwanza peke yangu, kisha humshukuru Mungu. Nilikuwa upande wa Kaisho, kwenye malisho, ukungu ukiwa bado umelala mabondeni. Nilikuwa nimeketi katika nyumba ya Bibi Kokuhirwa, shangazi wa mama yangu, daftari mapajani, nimeshiba uji na nimeshiba sifa zangu mwenyewe. Utafiti wa shahada yangu ulikuwa umekwisha. Kaya sitini nilikuwa nimezipitia kwa miguu, na hapakuwa na hata kisanduku kimoja cha dodoso kilichobaki kitupu. Kabla jua halijapanda juu ya kilima, nilijua kwamba kazi yote ile haikuwa na thamani ya karatasi iliyoandikwa.

Nakusimulia haya kwa sababu Jumapili iliyopita, baada ya ibada, binti mmoja muuguzi kutoka Kituntu alinifuata mlangoni mwa kanisa akanionyesha kwenye simu yake barua ya kukubaliwa. Anakwenda kusoma shahada ya uzamili ya afya ya kimataifa. Nilimkumbatia mbele ya watu, nikasahau kwamba nina goti bovu, nikarukaruka kama mwanakwaya wa miaka kumi na sita. Tangu siku hiyo sijatulia. Najua mko wengi, wewe uliye zahanati ya Nyakasimbi, wewe unayejitolea Kyerwa na kujaza maombi kwa simu mtandao unapokubali. Basi kaa karibu, nikueleze jinsi nilivyokaribia kuipata shahada hiyo kwa uongo mtakatifu.

Mimi ni mtoto wa Nyakasimbi. Baba alikuwa mwinjilisti, mwenye kibanja kidogo cha migomba na kahawa, na mama alitoka kwa wafugaji wa Kaisho. Nilisomea uuguzi, nikapangiwa zahanati, na huko ndiko nilikokutana na homa iliyonifanya nirudi shule. Walikuwa wakija akina mama wa wafugaji, na waume zao pia, wenye homa ya kuja na kuondoka. Jasho, viungo vinauma, mgongo hauinuki. Tuliwapa dawa ya malaria, wakarudi. Tukawapa tena, wakarudi tena. Mama mmoja wa Kaisho aliniambia, "Sista, dawa yako imeshanizoea. Inanisalimia tu inapita zake."

Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani sikucheka. Nilitaka kujua. Nakuombea kutaka huko, mwanangu, kwa sababu ndiko kunakombeba mtu atakapoishiwa nguvu. Nilisoma jioni, nikaomba masomo zaidi, nikapata shahada ya kwanza, na nilipokuwa sijafikisha miaka thelathini na tano nikapata ufadhili wa kwenda chuo kimoja ng'ambo kusomea afya ya kimataifa.

Nisikufiche furaha ya mwaka ule. Darasani tulikuwa watu wa kila rangi. Alikuwepo mwenzangu mmoja kutoka nchi ya nyika na baridi ambako watu hukamua hata farasi. Siku moja alisimama mbele yetu akaeleza homa ya kwao. Jasho, viungo vinauma, mgongo hauinuki, madaktari wanabahatisha dawa. Wanyama wanatupa mimba, watu wanakunywa maziwa mabichi, homa inaingia nyumbani kupitia kikombe. Mwanangu, nilisimama nikasema "Haleluya!" mbele ya profesa. Walidhani nimechanganyikiwa. Mimi nilikuwa nimemwona mama yule wa Kaisho katika maneno ya mtu aliyezaliwa upande wa pili wa dunia! Siku ile ndipo nilipoelewa kwa nini inaitwa afya ya kimataifa. Ugonjwa wa jirani yako una ndugu mahali usipopajua, na pengine huko wameshajua la kufanya.

Nikarudi nyumbani na dodoso langu kutafuta homa ile katika kaya za wafugaji. Swali la kwanza lilisema, Una ng'ombe wangapi? La pili, Wangapi wametupa mimba mwaka huu?

Wewe wa huku umeshaguna. Najua. Kwetu mfugaji hahesabu ng'ombe wake kwa mdomo. Anawatazama wanavyorudi jioni, na akikosekana mmoja anajua kabla lango halijafungwa, lakini namba haitamki. Ng'ombe ni baraka, na kuitaja hesabu ya baraka ni kama kumwambia Mungu kwamba zimetosha. Nililijua hilo tangu kunyonya. Mama yangu hakuwahi hata kutuhesabu sisi watoto wake mbele ya wageni. Hata hivyo nililiandika swali, kwa sababu vitabu vyote vya chuo vilianza na idadi, na kwa sababu nilijiambia, hawa ni watu wangu, mimi ni mtoto wao, watanijibu.

Na kweli walinijibu. Hakuna aliyekunja uso. Mzee Kabyemera, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe walioenea kilima kizima, alinikaribisha, akanipa kiti, akatazama juu kidogo, akasema, "Kumi na wawili." Nikaandika. Nilijisifu moyoni kwamba watafiti waliotangulia walifukuzwa kwa swali hilo, mimi napewa na maziwa juu. Nilituma sehemu ya kwanza ya majibu kwa profesa wangu, naye akaniandikia kwamba hajawahi kuona takwimu za wafugaji zilizokamilika namna ile. Barua ile niliisoma hadi ikachakaa kwenye mikunjo.

Turudi asubuhi ile. Bibi Kokuhirwa alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa moshi wa majani makavu, kazi aliyoifanya kila siku ya Mungu. Hakujua kusoma. Akaniambia, "Hebu nisomee hayo unayoyakumbatia. Kabyemera kakuambia ana wangapi?"

"Kumi na wawili, Bibi."

Akakiweka kibuyu chini. "Na mdogo wake?"

"Saba."

"Na yule mjane wa kule juu kilimani?"

"Arobaini."

"Arobaini!" Alipiga makofi, akainama, akacheka mpaka akafuta macho kwa ncha ya kitenge. "Arobaini, yule mwenye ng'ombe watatu na mbuzi kilema! Masikini, ana moyo mzuri."

"Bibi, unacheka nini waitu?" nikamuuliza kwa heshima ya kwetu.

"Wewe ndiye msomi, niambie wewe. Mtoto wa mwinjilisti, kumi na wawili ni akina nani?"

Nilitazama tena daftari. Kisha nikasema taratibu, "Mitume."

"Na saba?"

"Siku za juma, na ile ya kupumzika."

"Arobaini?"

"Kwaresima," nikasema, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine.

"Umefaulu," akasema Bibi. "Ile Jumapili ya kwanza uliyofika tulikubaliana nje ya kanisa. Kabyemera alisema, mtoto wetu ametoka mbali, anataka namba apate digrii yake. Tusimkatalie. Lakini tusitaje zetu. Tumpe namba zilizobarikiwa, zimfae huko shuleni. Watu wote walisema amina."

Nilifungua daftari. Kumi na wawili. Saba. Kumi. Watatu. Arobaini. Saba tena. Nimelelewa katika nyumba ya mwinjilisti, nimefundisha Shule ya Jumapili, na majuma kadhaa nilikuwa nikiandika mitume na amri na Utatu nikidhani naandika ng'ombe. Na kwenye swali la pili wote sitini walikuwa wamejibu kwamba hakuna aliyetupa mimba. Nani atamsema vibaya ng'ombe wake mbele ya mtoto wa nyumbani?

"Kwa nini hamkuniambia?" Nililia, nakiri.

Hapo Bibi aliacha kucheka. "Mgeni akija kuuliza hivyo tunamwambia, sisi hatuhesabu. Hajui, tunamfundisha. Wewe unajua. Mama yako alizaliwa hapa. Ukajua, ukauliza, na hukutuuliza kwanza uulizeje. Tukafikiri basi mtoto hataki ng'ombe, anataka karatasi. Tumekupa ya kujaza karatasi."

Mwanangu, nimekemewa na wakubwa wengi katika maisha yangu, na wengine walipiga meza. Hakuna aliyenifikia kama mwanamke yule mwenye moshi machoni.

Sasa sikiliza shida iliyokuwepo, maana hapo ndipo penye kisa chote. Nilikuwa nimebakiwa na majuma sita kabla ya kurudi chuoni. Ufadhili ulikuwa na mwisho wake. Profesa alikuwa ameshazisifu namba. Na hakuna mtu duniani, nje ya vilima vile, ambaye angejua. Jedwali lingependeza. Shahada ningeipata. Ningekuwa binti wa kwanza wa kata yetu kurudi na shahada ya uzamili, na kwaya ingeimba. Upande wa pili, nikisema ukweli, ningeweza kurudi nyumbani bila kitu, baada ya watu kunisindikiza kwa maombi. Lakini nikinyamaza, yule mama aliyesema dawa inamsalimia angebaki na homa yake, maana karatasi yangu ingesema wafugaji wa Kaisho hawana tatizo lolote.

Wazo hilo la mwisho ndilo lililoniinua. Sitajisifu kwamba nilikuwa mwema. Niliomba, ndiyo, lakini katika maombi nilikuwa nikimshawishi Mungu akubaliane nami. Nilianza hata kumweleza kwamba namba zile ni zake. Nikajisikia nikisema hivyo, nikaona aibu, nikasimama, nikafunga kanga.

Nilipanda lori la ndizi mpaka Kayanga kupiga simu posta. Siku hizo Kyerwa ilikuwa haijawa wilaya peke yake, na simu ya mkononi tulikuwa tunaisikia tu. Profesa alipopokea nilimwambia, "Namba zangu si za kweli."

"Zipi?"

"Za ng'ombe. Zote."

Nilitazama saa ya posta. Nilimweleza kwa kifupi. Mwishoni alisema, "Una majuma sita. Usiponiletea kitu cha kweli, sitaweza kukutetea mbele ya kamati." Kisha akaongeza, "Lakini asante kwa kupiga simu." Nilitoka nje, na moyo, ajabu, ulikuwa mwepesi kama wa mtu aliyepona.

Nikamrudia Bibi. "Nifundishe," nikamwambia.

"Usiwahesabu," akasema. "Waulize habari zao."

Kesho yake asubuhi aliniketisha pamoja na wanawake wanaofukiza vibuyu, bila dodoso, na kitambaa mkononi nisaidie kufuta. Mke wa Mzee Kabyemera alikuwa anasafisha kibuyu kirefu. Nilimuuliza, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani, "Bihogo hajambo?" Bihogo ni jina la ng'ombe mwekundu, na kila zizi huwa naye.

"Aa, Bihogo!" Akaweka kibuyu mapajani. "Alitupa ndama mvua za kwanza. Tukamkamua hivyo hivyo. Maziwa yake ndiyo aliyokuwa anakunywa mkamwana wangu, na tangu hapo hajapata nafuu, leo yuko kitandani, kesho yuko shambani. Na Gaju naye, binti yake Bihogo, alitupa."

Mwanangu! Nilitamani kupiga kelele tena kama kule darasani. Wanawake wale walikuwa na kila kitu. Walijua kila ng'ombe na mama yake na bibi yake, nani alitupa mimba na msimu gani, dume la nani lilimpanda, maziwa yake yalikwenda kwenye kibuyu kipi, na nani nyumbani alikunywa kutoka kibuyu hicho. Hakuna daftari la chuo ambalo lingeweza kupanga vizuri hivyo. Jibu la homa ile lilikuwa limekaa miaka yote katika vichwa vya wanawake wanaofukiza vibuyu, nasi zahanati tulikuwa tunawauliza tu, "Homa imeanza lini?"

Nilikwenda kwa Mzee Kabyemera kuomba radhi, na kuomba ruhusa pia, maana nikiandika majina, idadi itaonekana. Nilipiga magoti. "Shikamoo babu. Nilikukosea kwa kukuuliza hesabu. Sasa nimeambiwa habari za ng'ombe wako. Naweza kuziandika?"

"Marahaba," akasema, akajikuna kidevu. "Hukunipa shida, ulinipa kazi ya kutafuta namba nzuri. Andika majina. Ukishafika huko kwenu ukajumlisha, hiyo ni dhambi ya karatasi, si yangu. Mdomo wangu haujahesabu." Wanawe wakacheka, naye akacheka, akanisindikiza mpaka njiani.

Nilifanya kazi majuma yale kama mtu anayekimbizwa na mvua. Kila alfajiri nilikuwa kwenye nyumba nyingine. Kaya sitini sikuzimaliza. Nilimaliza thelathini na moja. Waliokuwa na homa walikubali kupimwa damu, na sampuli zikapelekwa maabara. Majibu yaliponifikia niliyasambaza juu ya kitanda pamoja na kurasa za majina. Palipokuwa na Bihogo aliyetupa mimba, mara nyingi palikuwa na mtu wa homa ile, na damu ilisema hivyo hivyo. Haikuwa malaria iliyokataa dawa. Ilikuwa homa ya ng'ombe, na ina dawa yake. Nililia na kucheka kwa pamoja. Sijawahi kuwa na siku nyingine kama hiyo, hata siku ya harusi, na mume wangu analijua hilo.

Mbele ya kamati, mtahini mmoja aliuliza kwa nini nina kaya thelathini na moja tu wakati niliahidi sitini. Nilimweleza yote, mitume na Kwaresima, bila kuficha kosa langu. Hawakunipa alama ya juu kabisa. Walisema sampuli ni ndogo, na ni kweli ilikuwa ndogo. Lakini walinipa shahada, na profesa wangu alisema ukurasa alioupenda kuliko kurasa zote ni ule nilioandika jinsi nilivyokosea.

Niliporudi sikuanzia ofisini. Nilianzia kwa yule mama wa dawa inayosalimia. Alipata dawa sahihi, akamaliza siku zake zote za kumeza, na siku aliyokuja zahanati kuniaga alikuwa amebeba kuni kichwani. Wapo waliokataa kabisa kuchemsha maziwa; wanasema moto huumiza kiwele cha ng'ombe, na wengine wanasema hivyo hadi leo. Wengine walianza na maziwa ya wale waliotupa mimba tu. Nilijifunza kushukuru kwa kidogo na kurudi kesho.

Basi wewe unayefunga mizigo, nenda. Nenda kwa furaha, wala usijifanye mkavu ili uonekane msomi. Soma mpaka usimame darasani upige kelele. Jifunze takwimu vizuri, maana bila hizo nisingemshawishi mtu yeyote. Lakini utakaporudi kuuliza watu wako, usidhani kwamba kuwa mtoto wao kunatosha. Mgeni atasahihishwa, wewe watakuhurumia, nao watakupa chochote unachotaka kusikia kwa sababu wanakupenda. Kwa hiyo kabla ya kuwauliza swali lako, waulize linaulizwaje. Kaa na wale wanaofanya kazi yenyewe, hata kama hawajui kusoma. Na ikitokea ukagundua kwamba ulichoandika si kweli, hata kama kimesifiwa, hata kama limebaki juma moja, sema siku hiyo hiyo. Shahada inaweza kungoja mwaka. Mgonjwa aliyeandikwa kwamba haumwi hawezi kungoja, maana hakuna atakayemtafuta.

Mungu aliyenipa ujasiri wa kushika ile simu akupe na wewe ulimi ulio wazi. Akufungulie vitabu na akufungulie milango ya wenye nyumba. Akulinde katika baridi ya huko uendako, akupe rafiki wa kula naye, na akurudishe ukiwa mzima. Na siku utakapopokea shahada yako, awepo mgonjwa mmoja, mahali fulani katika vilima hivi, aliyeamka asubuhi hiyo bila homa kwa sababu ulisema kweli. Amina.